UZI: Kabla ya sola juu ya paa, muulizeni anayelala chini ya mkorosho (hospitali za kijani Mtwara na Lindi)

#1 Fundi wa Mikindani

Wakuu, habari za jioni.

Februari mwaka jana nilimuuguza mama yangu siku 11 kwenye hospitali moja huku kwetu Kusini. Jina lake naliweka kando, maana nitakayoyasema yapo kwenye majengo mengi, na wauguzi wa pale walimtunza mama kwa moyo. Kazi yangu ni ujenzi. Nimeseti misingi na kupandisha kuta miaka 19, zikiwemo zahanati mbili. Lakini sikuwahi kukaa ndani ya wodi kutwa nzima bila tepu mkononi, nikiwa sina kazi nyingine ila kumtazama mgonjwa na kulitazama jengo.

Kitanda chake kilikuwa ukuta wa magharibi, kichwa kikielekea dirishani. Dirisha lenyewe ni la alumini, la kusukuma, vioo viwili. Ukisukuma kimoja kinakwenda kusimama nyuma ya mwenzake, kwa hiyo hata ukilifungua mwisho wa kufungua unapata nusu tu ya tundu lililojengwa. Saa nane jua liligusa mto. Saa tisa lipo kifuani. Saa kumi limemfunika hadi miguuni. Nikachukua kanga yake nikaifunga kwenye nondo za dirisha. Jua likazuilika, na upepo nao ukazuilika, mama akaanza kuhema kwa mdomo. Nikaifungua. Baada ya dakika kumi nikaifunga tena. Siku 11 kazi yangu ya mchana ikawa hiyo, kuchagua kama mama aungue au akose hewa. Kiyoyozi kilikuwepo ukutani. Kilikuwa kibovu, kimefunikwa nailoni.

Usiku wanaume haturuhusiwi wodi ya akina mama, kwa hiyo tulilala nje, chini ya mkorosho karibu na uzio. Watu kama thelathini: wa Nanyamba, wa Tandahimba, wa Kitaya. Mikeka, masufuria, mafiga ya mawe, kuni za kuokota. Palikuwa na bibi mmoja kutoka upande wa Newala anayemuuguza mjukuu wake. Kila alfajiri alitoka wodini na ndoo ya nguo zilizochafuka, akashuka ngazi nne zisizo na pa kushikilia, akaenda bombani, akarudi. Siku moja nilimpokea ndoo nikahesabu hatua kutoka mlangoni hadi bombani. Zilikuwa 212. Nikajiuliza aliyechora ramani ile alimweka wapi bibi huyu. Hakumweka popote. Kwenye karatasi hayupo, na kwenye jengo yupo kila siku.

Sasa nije kwenye hoja. Siku hizi kila mkutano wa maendeleo unazungumzia hospitali rafiki kwa mazingira, na kila mtu akilisikia neno hilo anaona paneli za sola juu ya paa. Sola naipenda na nitaizungumzia. Lakini jengo likielekezwa vibaya, utalinunulia dawa kila mwezi kwa njia ya luku mpaka siku litakapobomolewa. Kwa imani yangu, hospitali ya kijani huanza na watu: anayelala, anayeuguza, anayedeki, anayesubiri, anayezaa. Ukiwauliza hao kwa makini, sehemu kubwa ya kazi ya mazingira inakuwa imeshafanyika kabla hujagusa waya.

Anza na jua. Tuko kama nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Juni jua la adhuhuri linapita upande wa kaskazini, Desemba linapita kusini, Februari na Oktoba kuna siku linasimama utosini. Kwa ukuta unaotazama kaskazini au kusini, jua kali la mchana liko juu wakati wote. Paa likitokeza mita moja na zaidi, au likiwa na baraza, dirisha linabaki kivulini. Ukuta wa mashariki na wa magharibi hauna kinga hiyo, kwa sababu jua linaujia likiwa chini na kupenya chini ya paa moja kwa moja hadi kitandani.

Halafu upepo. Kusi inatoka kusini na kusini-mashariki, Aprili hadi Septemba hivi. Kaskazi inatoka kaskazini-mashariki, Novemba hadi Machi. Angalieni bahati hiyo: jengo refu jembamba lililolazwa mashariki kwenda magharibi, madirisha yakiwa kaskazini na kusini, linalikwepa jua na kuupokea upepo misimu yote miwili. Kuna miji duniani ambako msanifu analazimika kuchagua kimoja aache kingine. Sisi tumepewa vyote, tunavitupa kwa sababu tunataka jengo litazame barabara. Nasema "tunataka" kwa sababu mojawapo ya zile zahanati mbili niliigeuza mimi mwenyewe itazame barabara, ili ipendeze kwa wapitao. Barabara iko magharibi yake. Nimerudi pale mara mbili tangu mama atoke hospitali, saa tisa mchana, nikakaa kwenye benchi la wagonjwa. Mniamini, linaumiza.

Na upepo ndani ya wodi si suala la kujisikia vizuri tu. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya vipimo vya hewa vilivyofanywa katika hospitali nane za Lima, Peru. Vyumba vya kawaida vilipofunguliwa madirisha na milango, hewa yote ya chumba ilibadilika mara 28 kwa saa. Vyumba vyenye mitambo ya kubadilisha hewa vilikuwa mara 12. Na majengo yaliyojengwa kabla ya 1950, yale ya dari refu na madirisha makubwa pande zote, yalifika mara 40, wakati yale mapya ya kawaida yaliishia 17. Kwa maambukizi ya kifua kikuu tofauti hiyo ni kubwa mno. Tugela Ferry, Afrika Kusini, miaka ya 2005 na 2006, walipatikana wagonjwa 53 wa kifua kikuu sugu kupindukia, na 52 kati yao walifariki. Wengi walikuwa wamewahi kulazwa muda si mrefu kabla. Walikuja kutibiwa kitu kimoja, wakaondoka na kingine walichokivuta kwa pua.

Majirani zetu Rwanda walilichukulia hilo kwa uzito. Hospitali ya Butaro, iliyofunguliwa 2011, waliondoa korido ya ndani ambamo watu hujazana wakikoholeana, wakaweka baraza za nje za kusubiria. Wodini vitanda havikuegemezwa kwenye kuta za pembeni, viliegemezwa ukuta mfupi katikati, ili kila mgonjwa atazame dirisha lake na kuona nje. Kuona nje nako kuna kazi yake: mwaka 1984 huko Marekani, mtafiti Roger Ulrich aliwalinganisha wagonjwa 46 waliopasuliwa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Nusu yao dirisha lilitazama miti, nusu lilitazama ukuta wa tofali. Wa miti walitoka mapema kwa wastani wa karibu siku moja na walihitaji dawa kali za maumivu chache kuliko wenzao. Mama yangu alitazama ukuta uliopakwa rangi ya krimu siku 11, na mlango wa choo.

Wala hatuhitaji kwenda mbali. Nendeni Mikindani, ingieni kwenye nyumba ya zamani saa nane mchana. Kuta nene za mawe, dari refu, mlango wa mbele na wa nyuma vinatazamana, baraza nje ambako mgeni anapokelewa bila kuingia ndani. Wazee walijua. Tahadhari moja tu: mawe yale na chokaa yake ni matumbawe. Tukianza leo kuyachimba baharini kujengea hospitali "ya kijani" tutakuwa tumeua mazalia ya samaki. Tuchukue umbo, mawe yabaki baharini.

Umeme sasa. Pangaboi linakula kama wati 75. Kiyoyozi cha chumba kimoja kinakula wati 1,000 na zaidi. Hesabu mwenyewe mapangaboi mangapi. Mimi sisemi viyoyozi viondolewe vyote. Chumba cha upasuaji kinahitaji hewa iliyochujwa, maabara na stoo ya dawa vinahitaji ubaridi wa uhakika, na watoto njiti wana mahitaji yao ya joto. Ndiyo maana nataka wodi ijipoze yenyewe, ili sola na betri zielekezwe kwenye friji ya damu, friji ya chanjo, mashine ya oksijeni na taa ya leba. Hivyo vikizimika mtu anakufa.

Karibuni mchangie, hasa mnaofanya kazi humo ndani.

#2 Nesi wa Zamu

Fundi, pole kwa kuuguza. Naunga mkono hoja, lakini kuna mambo nyie wa ujenzi hamyaoni kwa sababu usiku mnakuwa mmelala.

Madirisha makubwa tunayafunga sisi. Tunayafunga kwa sababu ya mbu, na mikoa yetu hii malaria mnaijua. Tunayafunga mvua ya kaskazi inapokuja ya kulala na kulowesha vitanda viwili vya mwanzo. Tunayafunga kwa sababu mama aliyejifungua anataka kusitiriwa na huko nje kuna watu wanapita. Saa sita usiku niko peke yangu na wagonjwa 30 na zaidi, sina muda wa kuzunguka nikifungua na kufunga.

Halafu mnasahau miguu yetu. Wodi ndefu nyembamba inapata upepo, sawa, lakini meza yangu iko mwisho mmoja na mgonjwa mahututi yuko mwisho wa pili. Sinki la kunawa liko moja, mlangoni. Tunaambiwa tunawe kati ya mgonjwa na mgonjwa. Hesabu hatua zangu kama ulivyohesabu za yule bibi.

#3 Mtoto wa Shangani

Mkuu mada nzuri ila mimi napinga kidogo. Mtwara ndiyo yenye gesi. Mnazi Bay iko pale, bomba limekwenda Dar es Salaam tangu 2015. Leo unataka wagonjwa wetu wapepewe na upepo wa kusi kama karne iliyopita? Watu wa Kusini tumesubiri sana huduma za kisasa. Hospitali ya kisasa ina AC. Tusije tukapewa umaskini kwa jina la mazingira.

#4 Fundi wa Mikindani

Nesi, asante sana. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu na nimeuandika kwenye daftari.

Dirisha lisiwe moja. Hapo ndipo tunapokosea. Yanatakiwa matundu ya aina mbili. Ya chini, juu kidogo ya usawa wa kitanda, ya vioo vya luva vinavyofunguka karibu tundu zima na kufungwa kwa mkono mmoja, kizingiti kikiwa juu kiasi kwamba anayepita nje haoni kitanda. Na ya juu, karibu na dari, yenye tofali za matundu na wavu, yasiyofungwa kamwe, usiku wala mchana. Hewa ya moto inapanda na kutokea huko hata wakati wa maleleji ambapo hakuna upepo wa kutegemea. Wavu wa mbu hupunguza upepo, hilo ni kweli, na dawa yake ni kuongeza ukubwa wa tundu. Mvua ya kulala inazuiwa na baraza. Baraza la mita mbili linafanya kazi tatu kwa saruji ileile: linazuia jua, linazuia mvua, na bibi wa Newala anapata pa kuketi.

Kuhusu meza yako: iwe katikati ya ubavu mrefu, vitanda vikigawanyika kulia na kushoto, na masinki mawili au matatu. Bomba la ziada halina gharama ya kutisha likiwekwa kabla ya plasta. Likiwekwa baada ya plasta, hapo ndipo utaambiwa bajeti haitoshi.

Mtoto wa Shangani, uchungu wako ni wangu pia, na neno lako la "kupewa umaskini" sitalipuuza. Lakini niliuguza chini ya AC mbovu. Mashine inapokufa kwenye wodi yenye madirisha pande mbili, mgonjwa anavumilia. Inapokufa kwenye wodi iliyozibwa kwa ajili yake, lile ni tanuri. Kisasa kwangu ni wodi ambayo haimgeuki mgonjwa siku umeme ukikatika. Na gesi yetu ninayo mahali pake: jikoni. Serikali ilitoa ukomo wa Januari 2024 kwa taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 kwa siku kuacha kuni na mkaa. Jambo jema. Lakini wale thelathini wa chini ya mkorosho si taasisi, hakuna anayewahesabu, na ndio wanaopika uji wa mgonjwa kila asubuhi kwa kuni za mikoko na matawi ya mikorosho. Jengeni banda la jiko la ndugu ndani ya uzio, majiko ya gesi sita, sinki, kamba za kuanikia, paa. Mtakuwa mmeokoa miti na mapafu ya watu kwa pamoja.

#5 Mwana Newala

Nashukuru umemtaja bibi wa kwetu.

Sisi wa uwandani tumekua tunajua thamani ya ndoo. Mama zetu walishuka bondeni kuteka maji na kupanda nayo kichwani. Nyumba ya mtu mwenye akili kwetu ilitambulika kwa kisima cha kuvunia maji ya bati. Sasa nashangaa kuona hospitali zenye paa kubwa kuliko nyumba zote za kijiji, bila gata, maji yanamwagika na kuchimba msingi.

Hesabu ni nyepesi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Wodi ya mita 15 kwa 40 ni mita 600 za mraba. Mvua ya mwaka ikiwa milimita 900, toa sehemu moja ya tano inayopotea, unabaki na lita 432,000. Ni ndoo 21,600 za lita 20. Paa moja tu hilo.

Kikwazo ni kwamba mvua yetu ni ya msimu mmoja, ikikatika Mei inarudi Novemba au Desemba. Kwa hiyo simtanki mbili za maonesho hazisaidii, litachimbwa tangi kubwa chini ya ardhi, lizibwe vizuri mbu wasizalie. Na jambo ambalo mtu wa mbali hatalijua: kiangazi kizima tunapuliza salfa kwenye mikorosho, vumbi lake linatua kwenye mabati. Mvua za mwanzo lazima zielekezwe nje, zisiingie tangini. Maji hayo yatafua, yatadeki, yatasukuma vyoo. Ya kunywa na ya chumba cha upasuaji yabaki ya kutibiwa.

#6 Mama wa Nachingwea

Samahani wanajukwaa, mimi si mtaalamu. Nimefanya usafi kwenye kituo cha afya miaka saba. Nimeona fundi ametaja "anayedeki" nikasema leo niandike.

Ramani inapochorwa, tanuri la kuchomea taka linawekwa pale palipobaki. Kwetu liliwekwa upande unakotokea upepo wa kusi. Miezi ya kusi moshi wote uliingia wodi ya watoto. Tulisema, tukaambiwa bomba la moshi litarefushwa. Shimo la kondo nalo lilikuwa mbali, njia yake inapita mbele ya benchi za kliniki ya mama na mtoto. Nabeba ndoo yenye kondo, wajawazito wamekaa wananiangalia. Mimi naona haya, wao wanaona haya. Nilikuwa nasubiri wapungue ndipo nipite, na joto la huku halisubiri.

Ndoo za taka ziko tatu za rangi, lakini zimewekwa pamoja korido, mbali na vitanda. Ndugu wa mgonjwa ana ganda la ndizi mkononi, anatupa kwenye iliyo karibu. Ikishachanganyika yote inakuwa ya kuchomwa.

Na vigae vinavyong'aa. Vizuri kwa macho, ila vikilowa watu wanaanguka. Mjamzito alianguka mbele yangu.

#7 Fundi wa Mikindani

Mama, shikamoo. Wewe ndiye mtaalamu wa uzi huu, na nasema hivyo bila kukupamba.

Shirika la Afya Duniani linasema kati ya taka zote za vituo vya afya, kama asilimia 85 ni za kawaida tu, sawa na za nyumbani. Hatari ni hizo 15. Kwa hiyo ndoo zikikaa vibaya, zile 85 zinageuka za kuchomwa, kuni au dizeli inaongezeka, moshi unaongezeka, na unaingia kwa watoto kama ulivyosema. Kosa la mahali pa kuweka ndoo linaishia angani. Maganda na mabaki ya chakula yanaweza kuwa mbolea ya bustani ya miti ya kivuli palepale.

Tanuri kwa huku kwetu ni mgogoro kweli, kwa sababu pepo ni mbili zinazopokezana. Likikaa kusini linachafua wakati wa kusi, likikaa kaskazini-mashariki linachafua wakati wa kaskazi. Pembe inayofaa kwa kawaida ni ya magharibi ya kiwanja, mbali na wodi na mbali na majirani, bomba refu kupita paa. Na njia ya mzigo wa kondo iwe ya nyuma, kivulini, ya mteremko laini usio na ngazi. Hii ya kukusitiri wewe na wale wajawazito sijawahi kuisoma kwenye maelezo ya mradi wowote niliofanya. Nimeiandika.

#8 Mkazi wa Kilwa

Nawapongeza, ila mmezungumza upepo kama rafiki tu. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika huku kwetu Somanga, madaraja yakaenda na maji. Mtwara na Lindi mkafungiwa. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilikuwa kinakuja Mtwara, kikaingia Cabo Delgado, Msumbiji. Wazee wa Lindi wanakumbuka kimbunga cha 1952. Mabaraza yenu mapana ya mita mbili yatabebwa kama mwavuli, na paa la wodi litafuata.

#9 Fundi wa Mikindani

Hoja nzito. Baraza lisiwe mwendelezo wa paa kuu. Lijengwe na nguzo zake na kenchi zake, likae chini kidogo ya paa kuu. Upepo ukilichukua, liende peke yake na wodi ibaki imefunikwa. Paa kuu liwe la pande nne, mwinuko wa nyuzi 30 hivi, na kenchi zifungwe kwa mikanda ya chuma hadi kwenye linta. Misumari peke yake haitoshi. Kati ya bati na dari paachwe nafasi ya hewa kupita, na bati liwe la rangi nyeupe au ya kung'aa. Haya mabati ya msauzi ya maruni na kijani iliyokoza yanapendeza, lakini yanavuta joto.

Na barabara ikikatika, ndipo tangi la Mwana Newala na friji ya sola vinapoonyesha kazi. Dizeli ya jenereta inakuja kwa barabara ileile.

#10 Mjumbe wa Kamati

Wakuu nimefuatilia kimyakimya tangu mwanzo. Mimi ni mjumbe wa kamati ya ujenzi, kijiji kimoja upande wa Mtama. Tunajenga wodi ya wazazi. Nguvu za wananchi, mchanga na mawe tayari. Baada ya kusoma uzi huu nimekwenda jioni hii kiwanjani na simu, nimesimama katikati nikaangalia jua linakozama. Madirisha ya vitanda vya akina mama yote yanatazama huko. Tumefuata barabara.

Fundi, tumechelewa?

#11 Fundi wa Mikindani

Mmeshachimba?

#12 Mjumbe wa Kamati

Bado. Vigingi na kamba tu. Kuchimba ni Jumatatu.

#13 Fundi wa Mikindani

Basi hamjachelewa. Kung'oa vigingi na kuseti upya ni kazi ya asubuhi moja. Ramani ibaki ileile, jengo ligeuzwe ubavu. Barabara itaona ukuta mfupi, na huo ukuta mfupi msiutie dirisha, upandeni mwarobaini mbele yake. Mlango na benchi za kusubiria ziende kusini chini ya baraza. Niambie kiwanja kina ukubwa gani. Jumamosi nakuja na tepu yangu, nauli sitaki.

#14 Mjumbe wa Kamati

Kutoka barabarani kwenda ndani hatua 60, upana hatua 45. Mwenyekiti amekubali, tukutane saa mbili asubuhi. Mkunga wa zahanati ya zamani nimempigia, anakuja. Na mama anayefanya usafi pale nimemwambia naye aje, aonyeshe mwenyewe atakapopita na ndoo.